Kadi Niliyoituma Iringa

Jumatatu, 2 Juni

Iyunga, Mbeya. Baridi. Nimeanza siku kwa kufuta, kama kila siku sasa. Kwanza salamu za magrupu: maua, vikombe vya chai, aya za Biblia zilizoandikwa juu ya mawio ya jua. Kisha video za watu wanaoteleza kwenye matope. Kisha picha zangu mwenyewe, zile zilizotoka na ukungu. Simu inapata pumzi hadi mchana, inajaa tena.

Leo imeniaibisha. Lori la parachichi limelala ubavu barabara kuu, karibu na nyumbani. Watu wanachota kwa ndoo, kwa kanga, kwa kofia. Dereva kakaa kando ya mtaro, mzima, anawatazama tu. Picha ya dereva ndiyo ilikuwa habari. Nikainua simu. Nafasi haitoshi. Nilipomaliza kufuta, parachichi zimeisha na dereva kapelekwa kituoni.

Mhariri wa redio siku hizi anataka picha kwa ajili ya ukurasa wa mtandaoni. Nimemwambia simu ilijaa.

"Na wewe dada, hujajaa?" kauliza.



Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa Ezekia, fundi simu wa hapa mtaani. Amenipa memori kadi mpya, kubwa. Kwenye simu yangu ya zamani kadi ilikuwa kabati tu. Unaweka, unatoa, unamkabidhi mtu. Hii imeniuliza swali. Niitumie kama hifadhi ya kubebeka, au hifadhi ya ndani?

"Weka ya ndani, mama," Ezekia kasema. "Hapo simu inaichukua kadi kama mwili wake. Hutasikia tena habari za kujaa."

Kulikuwa na maelezo marefu kabla ya kubonyeza. Nimesoma nusu. Nimebonyeza. Simu imehamisha kila kitu, picha, video, sauti za mahojiano ya miaka, sisi tukinywa chai. Ilipata moto hadi Ezekia akailaza kwenye sakafu ya saruji ipoe.

Jioni nimefungua mipangilio kuangalia nafasi iliyobaki. Tele. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Vumilia kapiga simu kutoka Mufindi, kijiji kimoja huko mbele ya Igowole. Ni mjane wa Mzee Festo, mkulima wa miti niliyemhoji Februari. Mzee alizikwa mwezi uliopita. Nilituma rambirambi, sikwenda.

Sasa shemeji yake Tito, mdogo wa marehemu, amepita shambani na rangi nyekundu. Kila mti wa mpaina uliokomaa sehemu ya juu ya shamba kauchora msalaba. Anasema sehemu hiyo ni ya ukoo, kaka yake aliazimwa tu na baba yao. Mama Vumilia anasema waliinunua, yeye na mumewe, kwa jirani. Wakanywa pombe ya ulanzi na mashahidi, wakapeana mikono, yakaisha. Hakuna karatasi. Jirani kafa. Mashahidi wamekufa.

Baraza la ardhi litakaa Jumatano ya tarehe 18. Mipaina hiyo ndiyo aliyokuwa anaitegemea uzeeni. Mingine bado ni michanga, itakomaa yeye hayupo. Amesema hivyohivyo, bila kulia.

Video ninayo. Siku ile Februari, tulipomaliza mahojiano, mzee alinishika mkono akasema twende nikuoneshe kitu. Tukautembea mpaka wote, yeye na fimbo na kikohozi chake, mimi na simu. Aligusa kila alama na kuitaja kwa Kihehe. Mwisho akanigeukia.

"Itunze hii, mwandishi. Tito namjua mimi. Nikilala tu, yeye ataamka."

Redioni nilitumia maneno yake kuhusu bei ya mbao. Ya mpaka hayakutoka popote. Yako kwenye simu tu.

Nimemwambia Mama Vumilia asiwe na wasiwasi. Kauli ambayo kwa kawaida huwa siitoi.

Jumapili, 8 Juni

Nimefungua video kuhakikisha ipo. Ipo. Kikohozi, kisha "kamwene, kamwene", mzee akimsalimia mtu aliyekuwa anapita njiani. Nikaifunga. Sikuona sababu ya kuitazama yote. Nilikuwepo.

Nimejaribu kuituma kwa mtandao. Ni ndefu, imekataa. Nimerudia baada ya ibada. Imefika katikati ikakwama. Nimeacha.

Jumanne, 10 Juni

Nimefanya ninavyofanya siku zote. Picha za Mbeya zikitakiwa Iringa, kadi inaingia kwenye bahasha, bahasha anapewa konda wa basi la asubuhi, juu yake jina la mpokeaji. Mtu anaisubiri stendi. Kadi zangu zimesafiri barabara ile kuliko mimi. Haijawahi kupotea hata moja.

Mpokeaji safari hii ni Vumilia mwenyewe, binti wa marehemu. Anauza katika duka la dawa Iringa mjini. Ataihamishia video kwenye flashi, ataazima kompyuta, atakwenda nayo kijijini, wazee wa baraza watazame baba yake akisema.

Nilipochomoa kadi simu ikalalamika. Rudisha kadi. Nusu ya programu zikageuka kijivu. Nikaiambia ivumilie siku mbili.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Kulikuwa na kikao cha madiwani. Nikachagua kikao. Kimeahirishwa.

Jumatano, 11 Juni

Konda kapiga, bahasha imepokelewa. Ukungu hadi saa nne. Nimeandika habari ya maji. Ni ileile ya mwaka jana, waliobadilika ni wasemaji.

Alhamisi, 12 Juni

Vumilia kapiga mchana. Sauti ya mtu anayejikaza.

Jana aliiweka kadi kwenye simu yake. Simu ikasema haisomeki. Akaipeleka kwa mwenye steshenari, mtu mzima, anayewachapia barua. Kompyuta nayo ikakataa, ikasema ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Yule mwenye steshenari akasema ni kawaida, kadi ikitoka simu nyingine huwa inaleta hivyo. "Bonyeza tu dada, itafunguka." Wakati huo alikuwa anamhudumia mteja. Aliyebonyeza ni Vumilia.

Ikafunguka. Ilikuwa tupu.

"Shangazi, labda ulichanganya? Labda ile yenyewe imebaki huko?"

Nimemwambia airudishe kwa basi la kesho, na asiiguse tena.

Sikuchanganya.

Ijumaa, 13 Juni

Kadi imerudi. Nimempelekea Ezekia, nikamweleza kilichofanyika kwa mpangilio wake. Kaigeuzageuza kadi. Kisha akaeleza. Naandika kama nilivyoelewa.

Kadi ikishafanywa ya ndani, simu inaifunga kwa ufunguo, na ufunguo unabaki kwenye simu. Ukiichomeka mahali pengine inaonekana kama kitu kilichooza. Haijaoza. Ingerudi kwangu bila kuguswa, ningeirudisha mahali pake, kila kitu kingefunguka. Ikishafomatiwa, basi.

Nikamuuliza kama kuna mtu Dar anayeweza.

"Hata Ulaya, mama. Mimi nilijua itakaa humohumo. Sasa nani anaichomoa ya ndani?"

Mimi. Bila shaka yote hayo yalikuwa kwenye ile nusu ambayo sikuisoma.

Miaka ya kazi imekwenda pamoja na video ile. Ajali, mazishi, vikao, mahojiano na watu ambao nao wameshakufa. Haviniumi kama nilivyodhani vingeniuma. Kinachouma ni kimoja.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempigia Mama Vumilia. Nimeanza na jambo lenyewe. Video imefutika, haitapatikana. Kosa ni langu, nilituma kadi isiyofaa kutumwa. Steshenari sikuitaja.

Kuku walisikika nyuma yake. Kisha:

"Basi njoo wewe, Mama Sekela. Wewe si ulikuwepo?"

Miaka yote nimekataa kusimama mbele ya baraza au mahakama. Mwandishi akigeuka shahidi, kesho hakuna atakayemwambia kitu. Nimewahi kumkatalia hata kaka yangu.

Nimemwambia nitakuja.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeomba ruhusa kwa mhariri. Kauliza kuna habari gani Mufindi. Nimesema hakuna.

Kutwa najaribu kuutembea ule mpaka kichwani. Tunaanzia kijitoni. Kuna mti uliopinda. Kisha tunapanda. Baada ya hapo nakumbuka simu. Betri. Jua likipiga kioo. Mkono wangu uliochoka. Mzee namkumbuka vizuri sana, lakini ndani ya fremu tu. Pembeni yake hakuna kitu.

Jumanne, 17 Juni

Mufindi. Baridi ya hapa ni nyingine. Mama Vumilia kajitanda blanketi mabegani, amepungua. Amenipokea kwa mikono miwili, amenipa kiti cha marehemu kilicho karibu na moto. Nilitaka kukikataa. Nimekaa.

Ugali, maharage, kabichi. Akina mama wa usharika walikuja kusali, wakaombea kesho. Mmoja aliniombea kwa jina, kwamba Mungu anipe ulimi. Sikupenda.

Vumilia kafika kutoka Iringa. "Shikamoo shangazi." Akapitiliza jikoni. Hajanitazama usoni.

Jumatano, 18 Juni

Naandika yote kwa utaratibu.

Baraza lilianza ofisini. Tito alikuja na koti safi na buti za mpira. Kwa kumtazama si mtu mbaya. Alinisalimia vizuri kuliko wote, akaniuliza habari za Mbeya. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Alisema yake. Mama Vumilia akasema yake, wazi, bila kupayuka. Mwenyekiti akamwambia wewe ni mwenye kesi, maneno yako tumeyasikia, sasa tunamtaka mtu wa nje. Nikasimama. Nikasema marehemu alinionesha mpaka mwezi Februari, alisema sehemu ya juu waliinunua yeye na mkewe, nilirekodi, rekodi imepotea kwa kosa langu.

"Mwandishi bila picha!" Tito kasema. "Si sawa na fundi cherehani aliyekuja na mdomo tu?"

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka.

Mwenyekiti akasema, maneno ya kununua ameyasikia, lakini kununua hadi wapi? Twendeni shamba.

Tukaenda. Kutoka kijitoni hakuna ubishi. Mti uliopinda, wote wanaukubali. Kisha tukapanda, tukafika kwenye kisiki cha mkaratusi wa zamani. Tito akasema mwisho wa shamba la kaka ni hapa. Mama Vumilia akanyoosha mkono kuelekea juu, kwenye jiwe lililochomoza ardhini. Kati ya kisiki na jiwe ndiko kuna mipaina mikubwa. Misalaba myekundu kila mahali.

Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwandishi, marehemu aliweka mkono wapi? Hapa, au kule juu?"

Mkono ninaujua. Kovu la panga kwenye kidole gumba. Kucha nene, ya shahada imepasuka. Ninaujua kwa sababu nilivuta picha karibu. Mkono wa mzee juu ya alama ya mpaka ni picha nzuri, niliiona papo hapo, nikavuta hadi mkono ukajaa kioo. Chini yake kulikuwa na kitu cha kijivu, kigumu, chenye kuvu. Kisiki ni cha kijivu, kimeota kuvu. Jiwe ni la kijivu, limeota kuvu. Alikitaja kwa Kihehe, na mimi Mnyakyusa nikajiambia nitamuuliza nikianza kuandika.

Nikakigusa kisiki. Nikapanda, nikaligusa jiwe. Watu wote wakinifuata kwa macho. Nilifikiri: alikohoa sana pale, huenda tulikuwa tumeshapanda hadi juu. Huenda si ushahidi. Alikohoa siku nzima.

Jibu lililotakiwa nililijua. Jiwe. Neno moja. Nina umri, nina jina, nimetoka mbali, wangelikubali. Na nadhani ni kweli, kwa sababu Mama Vumilia namwamini. Lakini kumwamini si kuona. Niliulizwa nilichoona.

Mama Vumilia alikuwa anatazama chini. Hakunipa hata ishara.

Nikasema, "Kwamba waliinunua, nilimsikia akisema. Mkono aliuweka wapi, sina hakika."

"Katoka Mbeya kuja kutuambia hana hakika!" Tito kawaambia wenzake. "Si angepiga simu tu?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Wakajitenga chini ya mteremko. Waliporudi mwenyekiti kasema kwa kuwa hakuna shahidi wa jiwe, mwisho ni kisiki. Asiyeridhika aende wilayani. Tito kavua kofia, kamshukuru kila mmoja, na shemeji yake pia.

Alhamisi, 19 Juni

Mama Vumilia kaamka mapema kuliko mimi. Nilimkuta anaota moto.

Nikamwambia aende wilayani, nitamsaidia kuandika.

"Niende nikaseme nini, dada? Shahidi ni wewe."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuibeba. Akaongeza, "Na ungesema jiwe, Tito angekuapisha. Ungeapa?"

Nikasema nisingeapa.

"Haya. Basi ulisema vizuri."

Sijui kama anaamini hivyo. Mimi siamini. Nilisema kweli na amepoteza mipaina. Hayo mawili siwezi kuyaweka pamoja.

Hakuniacha niondoke mikono mitupu. Viazi, njegere, na blanketi alilotaka nijifunike njiani, nikalikataa. Vumilia ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, kabeba mzigo kichwani. Njia nzima alikuwa kama mtu mwenye neno. Gari likaja kabla hajalisema.

Jumatatu, 23 Juni

Mbeya. Mama Vumilia kapiga kuuliza kama viazi vilifika salama. Msumeno ulikuwa unanguruma karibu, alilazimika kupaza sauti. Sikuuliza ni wa nani. Akasema Tito kamtumia mabanzi ya kuni, mengi. Ameyapokea. Usiku ni baridi.

Kazi yote nimeifanya leo bila kosa. Nilichoka tangu asubuhi.

Ijumaa, 27 Juni

Kalenga, habari ya paa la shule lililoezuliwa na upepo. Nilipita Iringa mjini kwenda na kurudi. Duka la dawa anakouza Vumilia liko karibu na stendi. Sikushuka.

Jumapili, 29 Juni

Mvua nyepesi, si ya msimu huu. Nimefua baada ya ibada, kosa.

Vumilia kapiga. Salamu ndefu. Habari za dukani, habari za mama yake, meno ya mama yake. Kisha habari zikaisha, nikajua neno linakuja.

"Shangazi, kuna mteja kaniambia kitu kuhusu hizi kadi. Naomba unijibu ukweli. Nisingebonyeza pale steshenari, ingefunguka?"

Nikamwambia hapana.

"Kabisa?"

"Kabisa. Iliharibika ilipotoka tu kwenye simu yangu. Ulipewa kitu kilichokwisha kufa, mwanangu."

Akashusha pumzi. Muda mrefu. Akasema baba yake alikuwa anamwambia ana haraka, na tangu siku ile kila akigusa simu anamsikia akimwambia una haraka, Vumi. Nikamwambia haraka ilikuwa yangu. Akasema asante shangazi. Kuna mteja anagonga, akakata.

Ni uongo. Ezekia alinieleza wazi, na nimeshaandika hapa alichosema. Pale kwenye jiwe nilitakiwa neno moja la namna hii, nikalizuia. Leo limetoka lenyewe, na sauti yangu haikutikisika.

Nimetoka kuanua nguo. Bado mbichi. Nimeziacha kambani.